Mahali Kwanza, Salamu Baadaye

Tindiga, Kilosa
9 Juni 2024

Kwa binti yangu Nashipai,

Nakusalimu, na kwa kuwa barua haina mkono, ujue kichwa chako nimekigusa. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, goti lake limepoa tangu mvua ziishe. Ng'ombe hawajambo, majani bado yapo ingawa yameanza kukauka. Yule ndama mwenye baka jeupe uliyempa jina ulipokuja Krismasi amekuwa mkaidi kama aliyempa jina. Na wewe je? Kifua kimepona? Unakula?

Sasa nimeshakusalimu, nitasema lililonikaa rohoni. Juzi nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikakupigia. Ukapokea: "Uko wapi? Kuna nini?" Mimi, baba yako! Hukuniamkia. Nikadhani nimepigia polisi. Mama yako alikuwa karibu, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo simu sasa iko kwa mama yako. Mimi nitakuwa naandika. Nilifika darasa la saba, wa kwanza katika ukoo wetu, na mkono haujasahau. Kwenye barua huwezi kuniuliza niko wapi, nimeshaandika hapo juu. Barua nampa Consolata, yule mwenye duka Mabwerebwere, naye atampa kondakta wa basi. Jibu kwa njia hiyo hiyo.

Watu wananiuliza kazi yako, nawaambia anapokea simu za zimamoto huko mjini. Wanauliza, kwani huko watu wanaungua kila siku? Nieleze niwajibu.

Ni mimi baba yako,
Sironga


Kituo cha zimamoto, chumba cha simu
23 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeinamisha kichwa hapa hapa mezani, mwenzangu Goodhope ananiuliza nimeangusha nini. Mimi sijambo, kifua kimepona, nakula. Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa. Nisalimie ng'ombe, na yule mkaidi mpe chumvi kidogo kwa niaba yangu.

Baba, nisamehe kwa ile simu. Siyo dharau. Kazi hii imenibadilisha mdomo. Ninavaa kitu masikioni tangu naingia mpaka natoka, na tumefundishwa maswali matatu kwa mpangilio: uko wapi, kuna nini, nani yuko ndani. Mahali ndiyo kwanza, kwa sababu simu ikikatika na mahali tunapajua, gari litaenda. Mtu akinieleza moto wote tangu ulivyoanza bila kusema mtaa, na salio likamwishia, nimebaki na hadithi tu.

Wengi wanaopiga hawana moto. Watoto wanatukana, walevi wanataka mazungumzo, kuna mmoja hupiga kila wiki kuniposa. Wenye moto ndio wachache, na hao ndio wanaoniumiza. Kituo chetu kinapokea simu za mji na za wilaya za jirani, na magari ni mawili, moja limewekwa juu ya mawe linasubiri kifaa. Linalobaki likiwa limetoka, sina cha kutuma. Hapo tumeelekezwa kusema, "Gari linakuja." Nasema, halafu nakaa na yule mtu kwenye simu, namsikiliza anavyowaambia wenzake gari linakuja, na mimi najua.

Sikukuandikia ili uhuzunike. Nina ombi moja. Kiangazi ndiyo hicho, na nyumba yetu ni nyasi. Likitokea la kutokea, piga, na useme mahali kwanza. Salamu baadaye. Mfundishe na mama. Na usinune, baba: hata barua yako ilianza na Tindiga, ndipo ukanisalimu, na hukufa.

Mwanao,
Nashipai


Tindiga, Kilosa
14 Julai 2024

Kwa binti yangu mjanja Nashipai,

Kichwa chako nimekigusa, ingawa nilitaka kukipiga kofi kwa lile la mwisho. Hatujambo wote. Maji ya korongo yamepungua, tunapeleka mifugo mbali kidogo kila siku, si jambo la kutisha.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Mwanangu, anayefika kwenye boma bila salamu ni adui au ni mwehu. Na kwetu habari huliwa, hairushwi kama jiwe. Unaanza na usalama, unapita kwenye majani, kwenye mifugo, kwenye watoto, na ubaya unakuja mwisho, wakati anayesikiliza ameshakaa chini. Mtu akipokea msiba amesimama, anaanguka. Babu yako alipokufa, aliyeniletea habari alianza na mvua. Ninamshukuru mpaka leo. Wewe unataka nianze na mwisho.

Mama yako ndiye amekusikiliza. Jioni, maziwa yakishakamuliwa, anasimama mlangoni na kusema kama askari: "Tindiga! Moto! Mmoja ndani!" Namuuliza, huyo mmoja ni nani? Ananijibu, ni wewe, umekataa kutoka mpaka usalimiwe. Basi anacheka mwenyewe. Amezeeka vibaya huyu mwanamke, utoto umemrudia.

Ila kuna neno limenisumbua. Ukisema gari linakuja na gari hakuna, huo si uongo? Sikukusomesha uwe mwongo wa mshahara. Nijibu hilo.

Baba yako,
Sironga


Kituo cha zimamoto
1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeinama. Natumaini hamjambo nyote na majani bado yapo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimechelewa kujibu swali lako la uongo. Sasa nitakueleza jambo, uamue mwenyewe.

Mzee mmoja alipiga, Goodhope akapokea. Mzee akasema hawajambo, ng'ombe hawajambo, watoto hawajambo, hapa ni salama. Goodhope akakata. Usimlaumu, kwake mtu mwenye moto hasemi salama. Mzee akapiga tena, akaanza tena na salama, akakatwa tena. Mara ya tatu nikapokea mimi. Baba, nilijua pale pale. Ilikuwa sauti ya kwetu, na alikuwa anatulisha habari kama inavyotakiwa, ameshafika kwenye majani, na nyuma yake nikasikia wanawake wanapiga mayowe. Nikamkatisha kwa lugha yetu: wapi? Niliona nimemvunjia heshima. Ndipo akataja mahali.

Siku hiyo gari lilikuwapo. Nililituma, likaenda, likafika. Hapakuwa na kitu cha kuzima. Mke wa mwanawe na mtoto wake walikuwa ndani tangu ile simu ya kwanza. Dereva aliniambia mzee alimpa mkono, akamshukuru kwa kuja, akamuuliza habari za nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimemwomba mkubwa wetu wapokeaji waelezwe kuhusu wazee wa kwetu, wangoje kidogo. Akasema hatuwezi kungoja kila anayesalimia. Ni kweli, baba. Hatuwezi.

Kuhusu uongo: ndiyo, ni uongo. Lakini aliye mbele ya moto hawezi kubaki mikono mitupu, na mimi sina kingine cha kumpa. Nimeshasema vile kwa watu wengi hadi nikilisikia gari la kweli linaondoka hapa chini nashtuka.

Nakuomba kwa mara ya mwisho, na nikikuudhi nisamehe. Mahali kwanza. Nifanyie mimi, kama mwanao, hata kama unaona ni wehu.

Mwanao,
Nashipai


Tindiga, ng'ambo ya korongo, boma la Sironga.
Moto.
Ndani alikuwamo mama yako, Naisenya.

Nimeandika kwa mpangilio wako. Ndivyo nilivyosema na kwenye simu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mtu alikuwa anachoma shamba lake ng'ambo ya barabara, upepo ukageuka. Vitoto vya mbuzi vilikuwa ndani ya nyumba. Akaingia kuvitoa. Alivitoa, akahesabu kwa macho, akaona kimoja hakipo, akarudi. Nilimwambia acha. Hakuacha. Paa likashuka. Tulimvuta akiwa hai.

Simu ilikuwa kwenye sola inachaji, nikaichukua, nikakimbia kwenye kichuguu. Sikusalimu. Nilisema Tindiga, nikasema moto, nikasema mke wangu. Sikurudia, ulinifundisha vizuri. Sauti ikaniambia, "Gari linakuja, baba." Najua kwenye simu kila mzee huitwa baba. Lakini sauti ya mwanangu nitaijua hata ikitoka ndani ya pipa. Hukuniamkia. Na barua yako nilikuwa nimeshaisoma, kwa hiyo nilijua maneno yale maana yake nini.

Nilirudi nikakaa naye kwenye kivuli cha zizi. Gari la kumpeleka Kilosa halikupatikana, na kubebwa kwa pikipiki asingeweza, ngozi haikuwepo. Alikuwa anasema vizuri tu. Akaniuliza, Nashipai amepokea? Nikasema amepokea. Akauliza, amekuamkia? Nikasema ameniamkia, na wewe amekusalimu sana, ameuliza goti. Akafurahi. Akauliza, gari? Nikasema gari linakuja. Akawa anaangalia barabara. Aliangalia mpaka jua likashuka, na alipoacha kuangalia sikujua ni saa ngapi ameacha.

Niliona jinsi uongo wako unavyotoka kwa urahisi mdomoni. Nikaona unavyomtuliza mtu. Sikupendi kwa hilo, na siwezi kukulaumu kwa hilo, ndiyo maana sijui la kufanya na wewe.

Tulizika Jumapili asubuhi. Nimeambiwa ulikuja Jumatatu. Nilijua utakuja, nikaondoka na ng'ombe kabla hujafika.

Jina lake nimelitaja mara moja hapo juu, kwa sababu mpangilio wako unataka jina. Kwetu aliyekwenda hatajwi. Sitalitaja tena, na wewe usilitaje.

Sironga


Kituo cha zimamoto
8 Desemba 2024

Baba yangu,

Consolata amenipigia kuniambia barua zangu mbili za Oktoba na Novemba bado ziko kwenye droo yake, hakuna aliyekuja kuzichukua. Anasema umehamisha ng'ombe upande wa Mikumi na hajui utarudi lini. Naandika tena hata hivyo.

Ilikuwa ni mimi. Niliijua sauti yako uliposema Tindiga, kabla hujafika kwenye moto. Nilingoja usalimu. Mimi niliyekusihi usisalimu, baba, nilingoja, kwa sababu ungesalimu ningejua si jambo kubwa.

Gari letu lilikuwa kwenye barabara kuu ya Mikumi, lori la mafuta lilikuwa limepinduka. La pili lilikuwa juu ya mawe, na bado liko. Ulipokata niliwapigia wote ninaowajua Kilosa wenye gari. Mmoja hakupokea, wa pili alikuwa shamba, wa tatu akaniambia atajitahidi. Nikasikia alivyolisema hilo, nikalijua, kwa sababu ni sawa na neno langu la gari linakuja.

Sikukuamkia kwa kuwa ningefungua mdomo kusema shikamoo ningelia, na ningelia ungejua kabla hujarudi kwake. Nilitaka urudi kwake na kitu. Sikukumbuka kwamba nilishakuandikia. Watu wote wa mji huu hawajui maana ya maneno yale. Nilikuwa nimemweleza mtu mmoja tu duniani, na ndiye aliyepiga.

Uliniambia nisilitaje jina lake, silitaji. Jumatatu ile nilikaa pale zizini mpaka jioni. Kile kitoto cha mbuzi kilikuwa kizima, nikaambiwa siku ya moto kilikuwa kimelala nyuma ya mtungi wa maji nje, kumbe hakikuwa ndani. Nadhani unajua. Nadhani ndiyo maana uliondoka.

Bado nafanya kazi hii. Watu wanadhani nimeacha, lakini simu inalia na mtu lazima aipokee. Ninauliza wapi. Wakiniambia, ninawaambia gari linakuja. Wakati mwingine linakwenda.

Kwenye barua yako umeweka jina lako tu, hukuandika baba yako. Nimeliona hilo. Sikudai kitu. Ila salamu zangu ziko hapa, nimeziweka mwisho kama nilivyokufundisha, na sasa naona ulikuwa sahihi, mtu hazisikii tena akishasikia yale ya juu.

Mimi ni mzima. Kifua ni kizima. Nakula. Habari za ng'ombe? Majani huko yapo? Yule mwenye baka jeupe ameshaanza kukusikia? Unalala wapi, baba, na nani anakupikia?

Shikamoo. Nimeinamisha kichwa.

Mwanao,
Nashipai