Chumba Chako Kwenye Nyumba ya Kioo

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo, na paka wako bado analala juu ya kabati. Tangu nimalize shule ninajifunza kazi kwenye studio ya picha. Fundi amenionyesha jinsi ya kuchora boksi la kioo kwenye kompyuta: unachora pande zote, hata za nyuma, kisha unafifisha rangi mpaka mwanga upenye. Nikilitazama sana, najiona nikielea humo ndani kama vumbi kwenye jua.

Jana nilichora nyumba yetu hivyo hivyo. Baba alipokuja kunichukua, aliinama nyuma ya bega langu.

“Nyumba gani hii, mwanangu? Si upepo utaipeperusha!” Akacheka, kisha akaisogelea kompyuta. “Mbona chumba cha dada yako hakionekani?”

Dada, tangu ugombane naye ukaondoka, alikuwa hajawahi kukutaja. Nilikuwa nimekificha nyuma ya ukuta wa rangi nzito, nikimwogopa. Niliufifisha ule ukuta, chumba chako kikatokea, cha buluu.

“Kiache hivyo hivyo,” alisema. “Akija akikute.”

Leo asubuhi nimemkuta anakifagia kile cha kweli.

Mdogo wako, ambaye mlango wa chumba chako hajaufunga