Wa Tatu Kutoka Kushoto

Mount Clare, Pennsylvania
Jumanne, 10 Septemba 1996

Kwako kaka yangu Edmund,

Pokea salamu zetu sote wa huku nyumbani. Natumaini goti lako limekubali ngazi sasa, na kwamba joto la Florida halijakukausha ukabaki mifupa. Sisi tu wazima. Mvua imeanza, kanisa limepakwa rangi upya, rangi mbaya kweli, na Dolores anauliza kama ile soseji aliyokutumia ilifika salama au iliozea njiani. Mjibu haraka, maana ananiuliza mimi kila siku kana kwamba ndimi niliyeibeba.

Habari ya fainali umeshaipata kwa simu. Renata wa kikosini aliniambia ulipiga yowe mpaka jirani yako akaja kugonga mlango. Najua pia unajiuliza kwa nini alipiga Renata na si mimi, ndugu yako wa tumbo moja. Nilishika simu mara mbili, Edi, na mara mbili nikairudisha. Kwa simu ningechekacheka tu, nikakuuliza habari za hali ya hewa. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Nianze na mikono. Tangu Februari vidole vyangu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Mwanzoni nilidhani ni baridi ya lile friji la bucha. Halafu kisu kikaniponyoka mbele ya mteja, Bibi Yurkanin, akaruka nyuma na mkoba wake kifuani. Kisha kikombe, kisha funguo. Dolores akanishika mkono kama mtoto akanipeleka kwa daktari, naye daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, miaka ishirini na saba ya kukata nyama si mchezo, inabidi nipasuliwe na nikae miezi mitatu bila kushika kitu. Nikamwambia sawa, baada ya fainali. Akauliza fainali ya nini. Nikamwambia ya vikosi vya ngoma na tarumbeta. Alinitazama, akamtazama Dolores, na Dolores akamwambia asijisumbue, ameolewa na jambo hilo tangu mwaka wa sabini na moja.

Unaelewa mwenyewe kwa nini sikutaka kukosa mwaka huu. Miaka kumi na mmoja mfululizo Delhaven wanachukua ubingwa. Kumi na mmoja! Kuna watu wanaopiga kwetu sasa ambao hawajawahi kuona kikosi kingine kikishinda. Na mwaka huu sisi kikosi cha Wawasha Taa tulikuwa na kitu, kila mtu alikijua ila hakuna aliyethubutu kukitaja. Juni walituacha kwa pointi tatu. Julai, moja na nusu. Agosti kule Scranton, sehemu sita za kumi. Watu wakaanza kufika mazoezini kabla ya muda, hata Chester, ambaye wewe ulikuwa ukimdanganya saa ili awahi.

Yule Vernon wao, bonge la mtu mwenye masharubu, bado yuko. Kila tukikutana kwenye maegesho lazima anichokoze. Scranton aliniita toka mbali, akauliza kama mwaka huu tumeleta ngoma au tumeleta masufuria ya mama. Nikamjibu kwamba tumeleta masufuria, na supu atakunywa yeye. Wakacheka wote, wao na sisi. Mimi nilikuwa nimeuficha mkono mfukoni.

Sasa nikueleze kuhusu Ngazi. Hicho ndicho kipande cha mwisho kabisa, sekunde ishirini hivi, ngoma zetu nane peke yazo, tarumbeta zote zimenyamaza. Renata ndiye aliyekitunga. Wewe ulimwacha akiwa anapiga matoazi. Sasa ndiye kiongozi wa mstari wa ngoma, na hana huruma hata kidogo, ingawa hospitalini anakofanya kazi wagonjwa wanampenda. Mapigo yanapanda, yanapanda, kila mkono unaenda mbio kuliko uliopita, na ngoma nane zinatakiwa zisikike kama moja. Mmoja akichelewa kidogo tu, sauti inapasuka kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Na Agosti yote, kaka, maharage yalikuwa yangu. Mkono wa kulia ulikuwa unafika ukiwa umechelewa, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini.

Wiki mbili kabla ya fainali Renata alitukusanya sisi wanane uani nyuma ya ukumbi wa zimamoto, mchana, jua kali. Akasema anasikia uchafu mahali fulani kwenye Ngazi. Hajui ni nani na hataki kuwinda mtu. Lakini kama yupo asiyejiamini aseme sasa, hapana aibu, yeye atapanga upya tukiwa saba na mtu huyo atasimama pembeni kwa sekunde hizo ishirini, basi, yaishe. Akasubiri. Wee, Edi! Chester anatazama viatu vyake, mimi natazama viatu vya Chester. Nilikukumbuka wewe mwaka wa themanini na tano, ulivyoinua mkono mwenyewe bila kuulizwa na mtu, ukasema miguu haiwezi tena ule mwendo, ukampa mwenzetu Stosh vijiti vyako vya ngoma mbele ya kila mtu. Mimi nililia siku ile. Na siku hii nikakaa kimya. Renata akasema haya, tunaanza tena toka juu.

Utaniuliza kwa nini. Niliona kwamba nikiinua mkono nitaambiwa nipumzike mwaka mzima, na nikipumzika mwaka mzima nina miaka hamsini na nne, na nikirudi atakuwepo mwingine pale pangu. Nafasi ya tatu kutoka kushoto ni yangu kwa miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na woga na nilikuwa na kiburi, vyote viwili kwa pamoja.

Basi, Jumapili ya fainali. Sikula kitu. Dolores alinitia mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji moto nyuma ya basi, akaikanda kama unga, akaniambia nikiangusha kijiti atanikana hadharani. Tukaingia uwanjani. Delhaven walikuwa wametutangulia, walikuwa wazuri, sitakudanganya, walikuwa kama saa. Lakini sisi, kaka! Tarumbeta zilivyofungua, nilihisi watu wamesimama kwenye majukwaa kabla sijawaona. Kila kitu kilikwenda. Sare zimelowa jasho, hakuna aliyekosea hatua, nami namwomba Mungu moyoni dakika baada ya dakika. Tukafika kwenye Ngazi, na mwamuzi wa ngoma akaja mbele yetu na kinasa sauti chake, karibu kiasi kwamba niliona alama ya kujikata alipokuwa akinyoa ndevu.

Matokeo unayajua. Tulipangwa uwanjani vikosi vyote, mtangazaji anasoma kuanzia chini. Wa tano, wa nne, wa tatu. Halafu akasema nafasi ya pili, akameza mate, niliyasikia kwenye vipaza sauti, naapa. Sisi au wao. Akasema Delhaven. Sikumbuki mengi baada ya hapo. Namkumbuka Chester akiwa amepiga magoti. Pengo letu lilikuwa sehemu moja ya kumi. Moja tu. Kwenye tarumbeta Delhaven walituzidi kwa sehemu moja. Kwenye ngoma sisi tukawazidi kwa sehemu mbili. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Vernon alikuja kunitafuta. Hakuwa na mzaha hata mmoja. Alinishika mkono huu huu wa kulia, nami sikuusikia, na akasema kwamba leo tumewapiga kihalali, hana la kusema, na kwamba amefurahi ni sisi na si wengine. Machozi yalikuwa yamemlowanisha masharubu. Nikamwambia asante.

Juzi Jumapili ikawa sherehe ukumbini, mchana, baada ya misa. Pierogi za viazi sahanini kama mlima, padri amekaa mezani na kofia ya kikosi kichwani. Renata akaleta kanda ya yule mwamuzi wa ngoma, ile wanayotupatia baada ya shindano, akaiweka kwenye redio kubwa, akatunyamazisha. Tukasikiliza onyesho zima huku sauti ya mwamuzi ikisifu hapa, ikikosoa pale. Ilipofika Ngazi yule mtu akawa kama amesahau kazi. Akasema, haya, sikiliza hiyo, sikiliza hiyo. Kisha akasema maneno haya, nimeyashika kichwani na hayatoki: “Huyu wa tatu hapa, mwenye mvi, tazama mikono hiyo. Imetulia. Hana haraka. Wenzake wote wangekuwa na mikono kama hii, ningefunga kazi nikaenda nyumbani.”

Ukumbi ulilipuka. Wakagonga meza hadi bia zikamwagika. Wakaimba jina langu, wakanisimamisha juu ya kiti, padri naye anapiga makofi. Dolores analia. Renata akanikumbatia akaniambia sikioni kwamba anaomba radhi, kuna wakati alidhani uchafu ule ni wangu.

Kaka Edmund, sikupiga.

Kwenye Ngazi, kuanzia pigo la kwanza mpaka la mwisho, vijiti vyangu havikugusa ngozi ya ngoma hata mara moja. Nilipiga hewa. Nilivisimamisha juu yake, unene wa kidole tu, mikono ikaenda kama ya wenzangu na sikutoa sauti yoyote. Sikuamua palepale kwa hofu. Niliamua Alhamisi, nikafanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, mlango umefungwa kwa komeo. Ndiyo maana mikono ilikuwa imetulia. Ilikuwa haina kazi.

Dolores hajui. Renata alisimama kando yangu, na mpaka leo sijui kama hakusikia kweli kwa yale makelele, au alisikia. Ijumaa napasuliwa, na kabla ya hapo nitakwenda kwake nimweleze, nimeshaapa. Lakini nimeanza na wewe kwa sababu jana Renata amekutumia nakala ya ile kanda. Aliniambia kwa furaha kabisa, eti ni zawadi kwa mzee wetu. Mtu mwingine yeyote anaweza kuisikiliza mara mia asitambue. Wewe ulikuwa ukifumba macho tukipiga, ukatuambia ni nani hayupo. Utahesabu ngoma, utapata saba, na utajua ni nani. Sikutaka ujue kwa njia hiyo, peke yako jikoni, baada ya kumsikia yule mtu akinisifu.

Kuna kitu kimoja nakuomba, na usinionee huruma. Ningepiga, maharage yangemwagika, ile sehemu ya kumi ingekwenda, na sasa hivi Delhaven wangekuwa na mwaka wa kumi na mbili. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Kwa hiyo sijui tumewashinda kwa sababu ya wale saba, au tumewaibia kwa sababu yangu. Wewe uliusubiri ubingwa huu miaka kumi na minane uwanjani ukaondoka mikono mitupu. Hakuna mwenye haki ya kulijibu hili kuliko wewe. Tuliwashinda, Edi, au hatukuwashinda? Niandikie neno moja tu. Naogopa majibu yote mawili.

Msalimie Theresa, mwambie apunguze chumvi kwenye chakula chako. Wote wa Mount Clare wanakutakia afya, na wanasema ubingwa huu ni wako pia.

Ni mimi mdogo wako,
Kazimir