Madaftari ya Zuhura

Kambi ya mkonge, Korogwe

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje? Nataka kusikia kwamba sasa unapanda kutoka mtoni bila kukaa kwenye kila jiwe. Na kikohozi cha mama mdogo kimepungua, au bado anawaamsha kuku kabla ya jogoo? Mwambie tangawizi asiiache. Migomba ya bondeni naiota, na mara nyingine hata harufu ya karafuu zikianikwa naisikia huku, mahali ambapo hakuna karafuu.

Mimi ni mzima, ila mikono tu. Huu ni mwaka wa sita wa kukata mkonge na bado ngozi haijazoea utomvu wake. Unawasha mpaka usingizini. Mwezi uliopita mwiba ulinipitia juu ya jicho, jicho limepona, kovu limebaki. Nyapara wetu ananitania, "Ramadhani, wewe umezeeka kabla ya mkonge." Namwambia mkonge haujawahi kulisha wapwa. Tunacheka, tunaendelea kufunga matita.

Najua sauti unayoisikia sasa ni ya Zuhura, maana yeye ndiye anayekusomea. Ndiyo sababu sikupiga simu. Simu nilipiga mara tatu tangu uniulize lile jambo, na mara zote tatu nikaishia kuulizia mvua. Halafu kwenye simu ningekwambia wewe peke yako. Hili lazima mlisikie wote wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Zuhura mpwa wangu, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mstari hata kama unamhurumia mjomba wako.

Dada, uliniambia wazee watakaa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala, kuamua nani kati ya Zuhura na mdogo wake Shabani atafutiwe chumba cha hosteli karibu na shule ya sekondari, kwa kuwa uwezo wa wawili haupo. Zuhura anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na Shabani naye mwakani ataanza. Ukaniambia wazee wanamtaka Shabani, kwa sababu msichana aliyeshindwa kutunza daftari hatatunza chumba. Ukasema wanangoja neno la mjomba.

Zuhura hakupoteza madaftari. Niliyachana mimi.

Nitaeleza yalivyokuwa, nisije nikaonekana nasema hivi ili kumwokoa mtoto.

Wiki mbili zilizopita nilinunua karanga hapa kambini. Mama muuza karanga akanifungia kwenye karatasi ya daftari la shule, kama kawaida yao. Nilipozimaliza nikaikunjua. Ilikuwa hesabu za sehemu, mwandiko wa mtoto, na kila hesabu imepigwa vema nyekundu. Chini mwalimu ameandika "Vizuri sana, endelea." Mtoto mwenyewe simjui. Lakini nilishindwa kuitupa, na kazi ya siku ile sikuimaliza. Nyapara akadhani nina homa, akaniambia nikalale.

Mwaka jana nilipokuja likizo, unakumbuka ulinipa pilipili manga na mdalasini nikauze sokoni Morogoro mjini. Ulisema mimi nina mdomo wa biashara. Nilitaka kuuza kwa vifungu vidogo vidogo, maana ndivyo watu wa mjini wanavyonunua, na mifuko ya plastiki imekatazwa. Karatasi sikuwa nayo. Wewe ulikuwa umeshuka mtoni. Nikapanda darini kutafuta chochote, nikakuta mfuko wa salfeti, ndani yake madaftari ya Zuhura. Yote yamejaa mpaka jalada la nyuma.

Dada, mimi nilikomea darasa la tano. Enzi zetu daftari likijaa lilikuwa limekufa. Mwalimu alilisahihisha, ukalipeleka nyumbani, likawashia moto. Kilichokuwa na thamani ni mtihani peke yake, na mtihani wa wale wafadhili wa kumpeleka mtoto mmoja shule ya bweni ulikuwa bado wiki mbili. Nikajiambia, mtoto ameshasoma, yamo kichwani, haya ni makaratasi. Nikakaa nyuma ya jiko, nikachana ukurasa mmoja mmoja, nikafunga pilipili. Majalada nikayatia motoni.

Na sikuchana nikiwa nimefumba macho. Nilisoma. Kulikuwa na ramani ya mkoa wetu, milima ya Uluguru ameipaka kijani mpaka penseli imetoboa. Kulikuwa na insha ya nyani walioiba ndizi za padri. Ile insha nilicheka peke yangu kama mwehu, nikairudia mara mbili, halafu nikaikunja nikatia mdalasini. Hakukuwa na ukurasa usio na vema nyekundu. Nilijua kabisa kwamba huyu mtoto ana akili kuliko sisi sote, na nikaendelea kukunja.

Niliporudi na sabuni na mafuta ulinisifu. Nilifurahi.

Kisha mtihani ukafutwa. Siku ya kikao cha wazazi nilikwenda nawe, nikakaa hatua mbili nyuma yako. Mwalimu Felista akasimama akasema karatasi za mtihani zimekutwa zimefunguliwa kabla ya siku yake, umefutwa na haurudiwi. Nafasi kwa shule yetu ni ile ile moja. Mtoto atachaguliwa kwa madaftari yake ya mwaka mzima na mahudhurio.

Mimi nikabaki kwenye neno moja, madaftari.

Watu wakaanza kelele. Kondo, fundi cherehani, akasema, "Afadhali! Mtihani ni siku moja, mtoto anaweza kuamka na homa. Daftari ni mwaka mzima, halidanganyi."

Mama Sikudhani akamrukia. "Fundi, unasema hivyo kwa kuwa nyumba yako inagusana na choo cha shule. Wangu anavuka mto. Masika nzima hakuja. Nani alimwekea alama? Mto?"

Watu wakacheka. Baba mmoja wa kule juu akasema, "Na wangu mwandiko wake kama kuku kapita kwenye tope, lakini muulize hesabu!"

Mwalimu akamjibu, "Baba, kichwa siwezi kukipigia vema. Napigia nilichokiona."

Nimeyafikiria sana maneno yale huku, nikiwa nimeinama kwenye mkonge. Naona kila mmoja alisema kweli. Fundi alisema kweli na Mama Sikudhani alisema kweli. Sijui mwalimu angefanya nini ambacho kisingemwonea mtoto yeyote.

Ikafika zamu ya Zuhura. Akapeleka mbele madaftari mawili mapya, yana kurasa chache tu.

"Mengine yako wapi?" mwalimu akauliza.

"Hayapo, mwalimu."

"Hayapo wapi?"

"Niliyaweka darini. Hayapo."

Mwalimu Felista akatugeukia. Akasema huyu mtoto anamjua, amemsahihisha mwaka mzima, hakuna aliyemfikia. Hapo Kondo akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa heshima yako. Ukimpa Zuhura kwa kumbukumbu, basi na wa Mama Sikudhani umpe kwa mto."

Safari hii Mama Sikudhani mwenyewe akapiga makofi. Nilitaka kumchukia Kondo, nikashindwa. Alikuwa na haki.

Mwalimu akafikiri, halafu akasema, "Basi nauliza mbele ya wote. Yupo mtu mzima mwingine, asiye mimi, aliyeyaona madaftari haya yakiwa yamejaa? Asimame aseme alichokiona. Kamati itaupima ushahidi wake."

Ulisimama wewe, dada. Na goti lile. Ukasema, "Mimi nilimwona akiandika kila siku, mpaka kibatari kinaisha mafuta." Mwalimu akakuuliza kwa upole, ndani yalikuwa na nini. Hukupelekwa shule, ungejuaje? Ulisimama pale na kanga yako umeishika kifuani, watu wanakuangalia, kisha ukakaa.

Mimi nilijua ndani yalikuwa na nini. Ramani, sehemu, nyani wa padri. Hakuna mtu mzima kwetu Matombo nzima aliyeyasoma kama mimi, na mimi ndiye niliyeyaona mwisho. Nilichotakiwa ni kusimama. Niliangalia vidole vyangu, vilikuwa bado vinanuka pilipili.

Sikusimama kwa sababu ningechekwa. Ndiyo sababu yote, dada, wala sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Niliona fundi angesema, "Kumbe mjomba ndiye panya!" na watu wangeniita Panya mpaka nife. Nikaipima aibu ya siku moja na shule ya mtoto, nikachagua kujisitiri.

Nafasi akapewa binti wa Kondo. Alistahili kwa kile kilichoonekana, na tafadhali mtu asimnunie yule mtoto. Hajui lolote.

Ningeishia hapo labda ningepata usingizi. Lakini kesho yake asubuhi uliniita, ukaniambia, "Wewe ndiye mjomba, mseme mpwa wako." Nami nikamsema. Nilikaa kwenye kigoda, nikampigisha magoti mbele yangu, nikamwambia mtoto asiyejua kuweka kitu chake hawezi kuwekewa kitu na wenzake. Ni maneno ya aina hiyo hiyo wazee wanayoyasema leo. Wameyatoa kwangu. Nikamlazimisha akuombe radhi. Akasema, "Nimekosa, mama. Nimekosa, mjomba." Hakulia.

Nilidhani hajui. Lakini ni nani anayefagia uwanja wetu kila asubuhi? Vipande vya pembeni nilivyochana vilikuwa nyuma ya jiko siku mbili nzima. Siku nilipoondoka, yeye ndiye aliyenibebea mfuko mpaka barabarani. Gari lilipokuja akanipa ndizi za kuchoma za njiani, za moto bado, akasema, "Nimekufungia kwa jani, mjomba. Karatasi hatuna."

Nikamwangalia usoni. Hakuwa amekasirika wala hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama mwalimu anavyolitazama jibu kabla hajaamua alipigie nini. Nikapanda gari. Zile ndizi niliziacha kwenye kiti nilipofika mjini, sikuweza kuzifungua.

Kwa hiyo dada, sikilizeni neno langu, na wazee waambiwe kama lilivyo. Zuhura akae hosteli. Mtihani wa taifa aliufanya baada ya haya yote, bila madaftari ya kurudia, na akafaulu. Hakuna uzembe wowote aliowahi kuufanya ila ule niliomtwika mimi. Shabani mwambieni asione namnyima. Atakapoanza tutatafuta njia, hata nikiongeza msimu mwingine huku. Na wazee wakibisha, barua hii isomwe kikaoni, yote, pamoja na panya. Wakisema mjomba wa namna hii hana haki ya kutoa neno, hawatakuwa wamekosea. Basi nivueni ujomba, lakini neno hilo lishikeni.

Halafu ipelekwe kwa Mwalimu Felista. Najua nafasi haiwezi kurudi. Aliuliza swali na akakosa mtu wa kumjibu, nami namjibu sasa: nilikuwepo, niliyaona, yalikuwa yamejaa na yalikuwa sahihi. Akiona makosa katika mwandiko wangu ayasahihishe kwa wino wake mwekundu, sitaudhika.

Zuhura, sasa nasema nawe. Lile neno nililokulazimisha kulisema ukiwa umepiga magoti halikuwa lako. Nalichukua. Nimekosa, Zuhura. Sikuombi uniambie si kitu, maana ni kitu. Nikija nitalisema mbele ya watu wale wale, uwanjani pale shuleni, nikiwa nimesimama.

Barua nimempa mwenzangu wa Mkuyuni anayekuja mapumziko, atawafikishia kabla ya Ijumaa. Mama mdogo mpeni shikamoo zangu mkiwa mmemshika mkono, na kama atataka kunilaani mwacheni amalize. Shemeji, baba wa watoto, msalimieni, mwambieni panga lake bado ninalo. Shabani nampa pole na salamu kwa pamoja. Mama Sikudhani ng'ambo ya mto mwambieni namkumbuka, na fundi Kondo pia mfikishieni salamu, bila kinyongo.

Ule ukurasa wa karanga nimeutia humu ndani. Zuhura, uuweke tu. Kuna mtoto mahali fulani aliyeuandika vizuri, na labda naye ana mjomba.

Na barua hii msiipandishe darini. Itieni kwenye sanduku, chini kabisa ya kanga za mama yako, mahali ambapo hakuna mtu atakayekwenda kutafuta karatasi ya kufungia kitu.

Mdogo wako, dada, na mjomba wenu mkiniachia jina hilo,

Ramadhani