Alama Chini ya Meza

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono tu, na hali ya mikono yangu unaijua: maji ya moto na dawa ya kufulia havijawahi kumrembesha mtu. Goti lako linaendeleaje? Yule daktari aliyekukataza ngazi, ulimsikiliza au ulimcheka?

Nina habari, kaa kwanza. Sisi wanawake wanane wa chumba cha kufulia hapa hospitali tumeamua kwenda kulala usiku mmoja juu ya maji. Lile ziwa la hifadhi, mwendo wa saa tatu kwa basi, lina boti ya kulala: nyumba kamili yenye vitanda, jiko na meza, ila inaelea. Miaka tisa tunafua shuka walizolalia wengine. Na sisi tunataka kulala mahali ambapo hakuna mashine inayonguruma.

Masharti ya hifadhi ni marefu kuliko safari yenyewe. Hakuna muziki. Hakuna taa nje baada ya saa mbili usiku. Boti inafungwa sehemu moja tu, kwenye matete. Takataka zote mnarudi nazo. Na sabuni ni marufuku kugusa maji yale. Wafuaji wanane, tumekatazwa sabuni. Chuma, yule wa pasi, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Boti inayotosha watu wanane ni moja tu, na siku tuliyoomba ni Jumamosi ya tarehe 8 Juni. Mimi ndiye mkuu wa msafara, yaani ndiye niliyetia sahihi kwamba nitawarudisha wote. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea. Wawili bado wanasitasita: Kasi, mwenye watoto watatu, na Bibi Shuka, anayestaafu mwezi ujao. Ndiyo maana nakuuliza wewe, fundi wangu: mtu akitaka kujua kama boti ni nzima, anatazama nini?

Akupendaye,
Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Daktari nilimsikiliza kwa makini sana, nikarudi nyumbani, nikapanda ngazi kuziba paa la banda la kuku. Usinigombeze, kuku hawakulowa.

Wanawake wanane juu ya maji bila sabuni. Mama yako angekuwepo angeomba awe wa tisa.

Mimi ni fundi wa viti na vitanda, ya boti siyajui. Lakini ubao ni ubao. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Ulio mzima unajibu kwa sauti kavu, uliooza unameza sauti. Usidanganywe na rangi, hiyo ni nguo tu, hata mgonjwa huvaa. Hiyo boti yenu ina rangi gani, na inaitwaje? Nauliza tu.

Nenda ukaione kabla ya kuwapandisha watu. Anayenunua mbuzi kwenye gunia asilalamike akisikia anabweka.

Baba yako

21 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kuku ni wakavu na wewe hujavunjika.

Sijui nianzie wapi. Jumapili nilikwenda kuiona boti. Ni ya kijani, imeandikwa Utulivu ubavuni kwa rangi nyeupe. Nikagonga kuta kama ulivyosema, zikajibu. Nikaketi mezani kupumzika. Unajua nilivyo: nikiketi kwenye meza yoyote, mkono unakwenda wenyewe chini ya ubao kupapasa, kama ulivyonizoesha utotoni. Vidole vikagusa mistari miwili na nukta katikati.

Nikapiga magoti, nikachungulia. Ni alama yako, Baba, ileile uliyokuwa ukiichonga chini ya kila kitu kilichotoka mkononi mwako. Mistari miwili ni wewe na Mama, nukta ni mimi. Nilikuwepo kwenye boti ile siku zote na sikujua. Na wewe unaniambia ya boti huyajui? Mzee wangu una siri. Mwenye boti aliniona nalia chini ya meza, akadhani nimeumwa na mdudu.

Niliporudi niliwasimulia wenzangu. Bibi Shuka aliweka kikapu chini, akasema, "Kama baba yako ndiye aliyeitengeneza, niandike." Kasi naye akatia jina lake. Umewatoa hofu watu ambao hawajawahi kukuona. Hadi sasa nimekuwa nikijivuna mbele ya chumba kizima, wamechoka.

Niambie basi ulifanya kazi hiyo lini, na kwa nini ulinificha.

Binti yako mwenye kujivuna

28 Mei

Binti yangu,

Leo sianzi na salamu. Nimepiga simu hospitali mara tatu kutoka posta, na aliyepokea akasema wafuaji hawaitwi kwenye simu. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, naye ameapa kuifikisha kesho.

Msipande boti hiyo. Wala mtu mwingine yeyote asipande.

Miaka kumi na minne iliyopita, ulipokuwa shule ya bweni, nilikuandikia kwamba nimepata kazi ya kutengeneza milango mbali. Haikuwa milango. Nilikuwa kwenye karakana ya boti, na Mama yako alikuwa amelazwa, pesa za dawa zilihitajika. Wakati huo boti hiyo ilikuwa ya buluu na ilikuwa na jina jingine. Nilitengeneza vitanda, makabati na meza. Meza ilipokamilika nikachonga alama, kama kawaida yangu.

Wiki ya mwisho nikapewa kazi ya sakafu. Chini yake inapita boriti kubwa kutoka mbele hadi nyuma; sakafu yote inaikalia, na mapipa ya kuelea yamefungwa kwayo. Niliikuta imeoza, urefu wa mikono miwili. Nikamwambia bosi wa karakana. Akasema wageni wanakuja Jumamosi, ziba, tutaibadilisha mvua zikiisha. Nikajaza mashimo kwa unga wa mbao na gundi, nikapigilia ubao mwembamba juu yake, nikaupiga randa mpaka maungio yasionekane. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya maishani. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Niliondoka bila kuiona boriti mpya. Baadaye mtu akaniambia boti ile ilikwisha vunjwa, ikawa kuni. Sikumuuliza aliijuaje habari hiyo. Nilitaka iwe kweli, nikaiacha iwe kweli. Uliponiandikia juu ya ziwa lile moyo ulinishtuka, ndiyo maana nikauliza rangi na jina. Nilipoona kijani nilishusha pumzi, nikageuza ukurasa, nikakuta vidole vyako chini ya meza.

Nilikudanganya niliposema ya boti siyajui, kwa aibu ya boriti ile. Nukta ile ni wewe, mwanangu. Nilikuweka juu ya mbao mbovu kabla hujajua hata kama kuna ziwa.

Sehemu iliyooza iko chini ya meza hiyohiyo. Fungueni ubao wa nne wa sakafu kutoka mlangoni. Tangu kazi ile sijachonga alama popote. Kitazame kitanda nilichokupa ulipohamia huko.

Mpe barua hii yeyote anayehusika. Nimeitia sahihi kwa jina langu kamili nyuma ya karatasi.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nimekaa siku nyingi bila kuandika kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na mtoto hamtukani mzazi. Sasa nadhani naweza.

Barua yako niliipata Jumatano jioni. Niliisoma nimekaa juu ya rundo la shuka chafu, na nilipomaliza nikairudia tangu mwanzo. Chuma alidhani nimefiwa. Nilimwambia ndiyo, kisha nikasema hapana. Nilipofika nyumbani nilipindua kitanda. Hakina alama. Miaka hii yote, nikikosa alama kwenye vitu vyako vipya, nilidhani umezeeka, unasahau.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana na mimi nina la kuungama. Alhamisi sikwenda popote. Ijumaa nayo sikwenda. Nilikuwa natafuta uongo mzuri. Niliwaza niwaambie wenzangu kwamba hifadhi wametunyima kibali, barua yako niichome, na wewe ubaki fundi yuleyule aliyemfanya Bibi Shuka aandike jina lake. Siku mbili nililinda jina lako. Jumamosi asubuhi nikashindwa, nikapanda basi.

Nilifika saa tano. Boti haikuwepo. Ilikuwa imetoka Ijumaa na familia ya watu sita, mdogo wao ana miaka minne. Wamelala juu ya boriti ile, Baba, huku barua yako imo ndani ya mkoba wangu.

Nilimpa mhifadhi barua, akaisoma amesimama, akatuma boti ya doria bila kuniuliza swali. Nilikaa gatini saa nne nikitazama maji. Sijawahi kuogopa hivyo. Waliletwa wote sita, wakiwa na hasira kwamba starehe yao imekatizwa. Kisha mhifadhi akafungua ubao wa nne mbele yao. Alichomeka bisibisi kwenye boriti, ikazama hadi kwenye mpini, hakusukuma hata kidogo. Baba wa ile familia alimbeba mtoto wake, akaenda kukaa naye mbali na maji.

Mwenye boti wa sasa aliinunua ikiwa imepakwa rangi, hakujua. Boti imetolewa majini. Mhifadhi anasema atakuandikia, maana aliyefunika ndiye anayejua pa kufunulia.

Wenzangu niliwasomea barua yote. Kasi aliwasha mashine, tukaendelea na kazi.

Bado nina hasira na wewe. Lakini Jumatano ile usiku nilikuwa nashangaa inawezekanaje mtu mwema akanyamaza miaka kumi na minne. Sasa najua. Inaanza na siku mbili.

Binti yako

14 Julai

Mwanangu,

Marahaba, ingawa ulinisalimu kwa neno moja. Natumaini mikono imepoa.

Nakuandikia kutoka ziwani. Mhifadhi aliniandikia, nikaja na patasi zangu na goti langu. Hii ni wiki ya tatu. Mwenye boti hakusema nami siku nane za kwanza. Alikuwa akiweka mbao, anaondoka. Siku ya tisa alileta chai vikombe viwili.

Yule baba wa ile familia naye alikuja, peke yake. Alitaka kumwona fundi. Nilijiandaa kwa matusi, nikaweka vifaa chini. Akaniomba nimwonyeshe boriti ya zamani. Nilimwonyesha. Akaishika, ikamomonyoka mkononi, akajifuta kwenye suruali na kuondoka. Afadhali angenitukana.

Bosi wa karakana alikwisha kufa. Mhifadhi ameandika kauli yangu, yeye na wakubwa wake watajua cha kunifanya, na lolote watakaloamua ni haki. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikaribia kuumbuliwa na kifo cha wengine.

Boriti mpya ni ya mbao ngumu, nimeichagua mwenyewe na mhifadhi ameigonga kutoka mwisho hadi mwisho. Ubao wa nne sikuupigilia misumari. Nimeufunga kwa skrubu nne, ili yeyote anayetaka kutazama afungue atazame. Alama sikuchonga. Sina haki hiyo.

Sikuombi upande, wala wenzako. Nimekwambia tu imetengenezwa.

Baba yako

4 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo nimelala vizuri.

Karatasi hii iko juu ya meza yako. Nje kuna ukungu na ndege ambao sijui majina yao, na wafuaji wanane hawana sabuni hata kipande.

Nilikuwa nimekwisha fuata taratibu za kuifuta safari. Aliyenizuia ni Bibi Shuka, ambaye sasa amestaafu na hana adabu tena. Alikuja chumbani kwetu wakati wa kazi, akasema, "Boti nyingine zote sijui fundi wake anaficha nini. Huyu ameshasema." Kasi ndiye aliyechelewa kukubali. Alisema atapanda iwapo atafungua sakafu kwa mkono wake mwenyewe.

Basi jana, kabla ya kamba kufunguliwa, Kasi alipiga magoti na bisibisi, akatoa skrubu nne. Wote wanane tuliigonga boriti, mmoja mmoja kwa zamu. Ilijibu kila mara. Chuma aliigonga mara mbili kwa sababu alisema ameipenda sauti yake.

Bado sijakusamehe yote. Nakwambia ili usije ukasikia nafuu kupita kiasi. Ila asubuhi hii niliwahesabu wakiwa bado wamelala, mdomo wazi kila mmoja, nikafika wanane, nikahesabu tena. Kisha nikafungua ubao wa nne na kuchukua kisu cha jikoni.

Imenichukua karibu saa nzima, boriti uliyochagua ni ngumu kweli. Mistari yote miwili imepinda. Nukta iko katikati, na safari hii nimeiweka mimi mwenyewe.

Binti yako