Notisi Niliyoisomea Barazani

Mpenzi Baba Jannat,

Asalaam aleikum. Jannat ameota jino la pili, anang'ata kila kitu.

Chokaa ya dari ilianguka tena kitandani kwake. Alhamdulillahi, nilikuwa nimempakata. Nikaandika notisi ya kuhama, lakini Mzee Saif, mwenye nyumba, akaikataa. "Nilimpangisha mumeo. Aje mwenyewe." Nawe simu zangu hupokei.

Basi baada ya alasiri nikashuka barazani, wazee wakinywa kahawa, nikaisoma kwa sauti, mtoto kiunoni. Mmoja akacheka, "Saif, sote tumesikia, ipokee tu!" Akaipokea.

Mwezi ujao tutakuwa Makupa, chumba chenye dirisha kubwa. Ukirudi, piga hodi. Ufunguo ninao mimi.

Mkeo,
Mejumaa