Shangazi Kuluthumu Kapaa

Fathiya, acha wateja wasubiri. Shangazi Kuluthumu kapaa na pikipiki! Nimeona kwa macho yangu, leo, kule Keza. Na baba naye kaona!

Kumbe siku zote alizoaga kuwa anapeleka vitenge Keza, alikuwa anafundishwa kuruka na Idefonsi, yule bodaboda wa mashindano. Leo baba akaamua tumfuate.

Tumemkuta ndiyo anapanda kifusi cha moramu ya kujengea barabara, mbio. Akapaa. Tairi la mbele likainuka mno, akaanguka chali kwenye migomba. Nilipiga yowe!

Baba akafoka, "Kuluthumu! Miaka hamsini hiyo! Watu wa Ngara watasemaje?"

Shangazi akatema udongo, akamgeukia Idefonsi: "Nimekosea wapi?"

"Hukugusa breki ya nyuma, mama. Ukiigusa hewani, mbele kunashuka. Kukishuka mno, ongeza mafuta."

Hamsini, Fathiya! Akafunga mtandio upya, akavaa helmeti, akawasha.

Baba akaenda kusimama ng'ambo ya kifusi, mikono kiunoni, ati amzuie.

Shangazi akamwambia kwa upole kabisa, "Kaka, hapo uliposimama ndipo ninapotua."

NDIPO NINAPOTUA. Kwa baba!

Na baba akasogea. Baba yangu mimi, akasogea!

Shangazi akapaa tena. Mbele kukainuka vilevile, akagusa breki hukohuko hewani, pikipiki ikanyooka, ikatua kwa matairi yote mawili.

Unadhani alisimama tumpongeze? Aligeuza, akampigia baba honi asogee zaidi.