Ngisi Waliomng'arisha Mwanangu

Jumatano, baada ya Magharibi. Mvua ya masika haijakatika tangu asubuhi.

Mimi ni mzazi, sijatimiza siku arobaini tangu nijifungue, kwa hiyo madirisha yamefungwa na nyufa zimezibwa matambara, upepo usimpige mtoto. Hata adhuhuri humu ndani ni giza tupu. Bi Mize, mkunga wetu, alikuwa jikoni anasafisha ngisi wa jana alipoitwa kuja kumkanda mwanangu Nasra. Hakunawa. Kwetu mtoto mchanga haguswi kwa mikono ya maji baridi. Alijifuta kwa kitambaa, akamkanda, akanipa nimnyonyeshe, akaenda kuwaweka ngisi stoo.

Kibatari kikaishiwa mafuta, ndipo nilipoona. Mashavu ya mwanangu yalikuwa yanawaka, rangi ya samawati hafifu, bila joto wala moshi. Mdomoni pia.

Nilipiga ukelele. Mama mkwe, aliyekuja juzi kwa gari moshi la Bububu, akaingia mbio, akamwona, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Hapo nikamkumbuka kaka yake Nasra. Naye walisema ana jini, wakampeleka kwa mganga kufukizwa. Kifua chake kidogo kikajaa moshi, na waliponirudishia hakuwa akipumua.

Kisha nikaona vidole vyangu vinawaka vilevile, na vinanuka ngisi. Nikasahau kuwa mzazi hatoki, nikashuka hadi stoo chini ya ngazi. Beseni la ngisi lilikuwa linang'aa gizani. Bi Mize alipoingia na kuona viganja vyake mwenyewe, akakimbilia kunipashia maji. Nikamwosha Nasra kwa maji ya kisima ya uvuguvugu, na mng'ao ukazimika.

Nilidhani yamekwisha. Nikamwonyesha mama mkwe lile beseni. Akafikiri kidogo.

"Basi jini kaingia na ngisi, mwanangu. Kesho nnamleta mganga."

Mume wangu, karani wa forodhani, ananiambia aliwahi kuchungulia kwenye kioo cha kukuzia cha daktari mmoja, akaona tone la maji ya bahari limejaa vidudu visivyoonekana kwa macho. Anadhani ndivyo vinavyokaa juu ya ngisi na kuwaka. Alitaka kunituliza, hakuniweza. Vitu vyenye uhai vilikuwa mdomoni mwa mwanangu, na amevimeza pamoja na maziwa yangu. Tangu alasiri namgusa tumbo, nasikiliza pumzi zake. Ananyonya vizuri, analala vizuri, nami bado naogopa.

Lakini mganga namwogopa zaidi.

Na mume wangu haya ya vidudu ameniambia mimi tu, si mama yake.

Mimi sijawahi kumpinga mama mkwe hata kwa chumvi ya mchuzi. Kesho nitakaa mlangoni, Nasra nimemfunga kifuani kwa kanga. Nimejaribu kuyapanga maneno jioni nzima, yamebaki haya tu: "Mama, nisamehe. Huyu simtoi."